Picha za Ndani Zenye Kiza na Hisia: Kutambua Kasoro na Kuzirekebisha

Mtu anayepiga picha ya chumba kwa nia ya kuonyesha utulivu, upweke au uzito fulani wa moyo huwa na taswira kamili kichwani kabla hajashika kamera: nuru inaingia kwa upande mmoja, samani zinajitokeza nusu nusu, na pembe za chumba zimezama kivulini. Anachokuja kukiona kwenye skrini mara nyingi ni kitu kingine kabisa, na jambo la kwanza linalomjia ni kuvuta vitelezi vya programu ya kuhariri hadi kitu fulani kibadilike. Kwa uzoefu wangu, kasoro nyingi za picha hizi hutafutiwa dawa kwenye programu ilhali chanzo chake kiko chumbani, katika mwelekeo wa mwanga, na hakuna kitelezi kinachoweza kuhamisha dirisha.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma dalili zinazofuata, fungua picha ambayo haijahaririwa uiweke kando ya ile iliyohaririwa. Kasoro inayoonekana katika zote mbili imezaliwa wakati wa kupiga, na dawa yake ya kweli ni kupiga upya ikiwa nafasi ipo. Kasoro inayoonekana katika ile iliyohaririwa peke yake imetokana na mkono wa mhariri, na hiyo inarekebishika pale pale mezani.

Chumba kilikuwa na kiza, lakini picha imetoka angavu na ya kijivu

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kwamba chumba kinatakiwa kubaki na giza. Kimeundwa kukadiria kana kwamba kila kinachotazamwa kinaakisi takriban asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha kati. Ukikielekeza kwenye ukuta wenye kivuli, kitauinua ukuta huo hadi uwe wa kijivu, na kila kilicho karibu na dirisha kitapauka. Tumia fidia ya mwanga (mpangilio unaoiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga) ya −1 hadi −2, au weka kasi ya shata (kilango kinachopitisha mwanga), tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kwa mkono ili kamera isibadilishe uamuzi wako kila unaposogea.

Kwenye simu, gusa sehemu angavu zaidi ya picha, kisha buruta alama ya jua kwenda chini. Zima pia hali ya usiku. Simu nyingi huunganisha fremu kadhaa na kuvifungua vivuli zenyewe, jambo ambalo ni msaada kwa picha ya kumbukumbu, lakini kwa kazi hii linaondoa kile hasa ulichokitafuta.

Anayepiga faili ghafi (RAW, yaani data ya kamera ambayo haijachakatwa) ana njia tofauti kidogo. Yeye anaweza kupiga picha iliyo angavu kuliko anavyotaka, mradi sehemu nyeupe zenye umuhimu hazijaungua, kisha akaishusha wakati wa kuhariri. Sababu yake itaonekana tutakapofika kwenye chembechembe.

Picha ina giza, lakini haina hisia yoyote

Hapa ndipo wengi hukwama, nami nitakaa hapa kidogo. Picha ni nyeusi kweli, histogramu (grafu ya mgawanyo wa mwanga, giza likiwa kushoto) yote imelala upande wa kushoto, lakini mtazamaji haoni chumba chenye siri, bali anaona picha ambayo haikupata mwanga wa kutosha. Tofauti kati ya mambo hayo mawili haiko katika kiasi cha giza. Iko katika swali la iwapo mwanga mdogo uliopo unatoka upande mmoja na kupungua kadiri unavyoingia ndani, au umetapakaa sawasawa kila mahali na wewe umeupunguza tu.

Njia ya kulijua hilo haihitaji kamera. Chukua bakuli jeupe lisilong'aa, liweke mahali unapotaka jicho la mtazamaji litue, kisha litazame kwa utulivu kutoka pale kamera itakapokuwa. Upande ulioelekea dirisha unapaswa kuwa mweupe, upande wa pili uwe wa kijivu kizito, na kati yake kuwe na mpito wa taratibu unaozunguka tumbo la bakuli. Bakuli likitupa vivuli viwili au vitatu mezani, basi chumba kina vyanzo viwili au vitatu vya mwanga vinavyoshindana. Lisipokuwa na upande wa giza kabisa, mwanga unatoka kila pembe, na hata ukishusha fidia hadi mwisho utapata bakuli la kijivu lisilo na umbo.

Visababishi ni vichache na vinajulikana. Cha kwanza ni taa ya dari, ambayo humwaga mwanga kutoka juu na kufuta vivuli vyote vilivyotengenezwa na dirisha. Izime, hata kama chumba kitaonekana cheusi mno kwa macho yako. Cha pili ni dirisha au mlango wa pili, ambao unapaswa kufungwa au kuzibwa kwa pazia zito. Cha tatu husahaulika kwa sababu hakionekani kuwa ni taa: ukuta mweupe ulio mkabala na dirisha, dari nyeupe, hata shuka jeupe lililotandikwa, vyote hurudisha mwanga kwenye vivuli. Simamisha kitambaa cheusi au ubao mweusi upande wa kivuli, nje ya fremu, karibu na kitu unachokipiga, na utaona upande huo wa bakuli ukizama mara moja. Cha nne ni mahali aliposimama mpiga picha mwenyewe. Akiwa amelipa dirisha mgongo, mwanga unakwenda moja kwa moja mbele yake na kila kitu kinakuwa bapa. Akizunguka hadi dirisha liwe ubavuni, au mbele yake kidogo kwa mshazari, umbo linarudi.

Umbali nao una kazi kubwa. Mwanga wa chanzo kidogo hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kilicho mita 2 kutoka kwenye chanzo hupata robo ya mwanga unaopatikana katika mita 1, yaani hupungua kwa stopu mbili, kwani kila stopu ni kupungua kwa nusu au kuongezeka maradufu. Dirisha kubwa hupunguza mwanga wake taratibu zaidi ukiwa karibu nalo, lakini mwelekeo ni ule ule. Ukisogeza meza karibu na dirisha, ukuta wa nyuma utazama wenyewe kwa sababu tofauti ya umbali kati ya meza na ukuta imekuwa kubwa. Ukiiacha meza katikati ya chumba, meza na ukuta vitapata mwanga unaokaribiana, na utalazimika kuupaka ukuta giza kwa mkono baadaye, kazi ambayo ni nadra kutoonekana.

Niliwahi kupiga picha ya kiti cha mbao kilichotundikiwa shali ya sufu, nikaishusha kwenye programu mara tatu, na kila mara ilizidi kufanana na tope. Siku iliyofuata nilirudi katika chumba kile kile, nikazima taa, nikafunga pazia la dirisha la pili na kukisogeza kiti hadi hatua moja kutoka dirishani. Mgongo wa kiti ulipata ukingo mwembamba wa nuru, nyuzi za shali zikaonekana moja moja pale zilipochomoza, na ukuta wa nyuma ukabaki na kiza laini ambacho sikukitengeneza mimi. Fremu ile ilihitaji marekebisho madogo sana.

Dirisha limeungua na kuwa doa jeupe

Tofauti ya mwanga kati ya nje wakati wa mchana na pembe ya chumba ni kubwa kuliko uwezo wa kamera kuibeba katika fremu moja. Dawa ya kwanza ni kuliondoa dirisha kwenye fremu na kubakiza nuru yake. Chumba chenye mwanga ambao chanzo chake hakionekani mara nyingi kina mvuto mkubwa zaidi. Ikiwa dirisha ni lazima lionekane, weka pazia jepesi, au subiri mawingu, au piga muda mfupi baada ya jua kuzama wakati mwanga wa nje umeshuka ukakaribiana na wa ndani.

Njia ya kuunganisha fremu tatu zenye mwanga tofauti inafanya kazi, lakini itumie kwa kiasi. Programu huwa na tabia ya kulifanya dirisha na chumba vilingane, na dirisha lililo na kiza sawa na samani humfanya mtazamaji ahisi kuna uongo hata asipojua uko wapi. Acha dirisha libaki kitu angavu kuliko vyote katika picha, ila liwe na umbo la fremu yake na dalili fulani ya kilichoko nje.

Rangi zinagombana: upande mmoja wa chungwa, mwingine wa buluu, na ngozi imekuwa ya kijani

Kila chanzo cha mwanga kina rangi yake, na macho yetu huizoea kiasi cha kutoiona. Rangi hiyo hupimwa kwa kelvini, namba ndogo ikiwa ya chungwa na kubwa ya buluu. Mshumaa uko karibu na kelvini 1,900, balbu ya kawaida ya uzi karibu na 2,700, mwanga wa mchana karibu na 5,500, na kivuli chini ya anga safi hupita 7,000. Kamera inaweza kusawazisha weupe wa chanzo kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukiipa viwili, kimoja kitatoka na rangi ya ajabu.

Amua ni kipi kinachotawala. Ikiwa dirisha ndilo linalotawala, zima taa zote, weka mizani ya weupe (mpangilio wa kamera wa rangi ya mwanga) kati ya 5,000 na 6,000, na kazi imekwisha. Ikiwa taa ya mezani ni sehemu ya maelezo ya picha, usijaribu kuifanya nyeupe: weka mizani karibu na 4,000, ili taa ibaki na joto lake na mwanga wa jioni unaoingia dirishani ubaki baridi. Mgongano huu ukiwa wa makusudi ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa katika picha za aina hii. Unaharibu pale tu unapotokea bila kutakiwa, kwa mfano taa ya dari yenye joto inapomwagika juu ya kitanda kilichokuwa kimeangazwa na dirisha.

Ukijani ni jambo jingine. Unaweza kutoka kwenye taa za bei ya chini za LED zisizo na rangi kamili, au kwenye majani na nyasi zilizo nje ya dirisha zinazorudisha mwanga wao ndani. Kitelezi cha joto la rangi hakiuondoi. Unahitaji kile cha pili, kinachokwenda kati ya kijani na zambarau, ukisogeze kidogo kuelekea zambarau. Kama ukijani uko upande mmoja tu wa chumba, teua sehemu hiyo peke yake kabla ya kurekebisha.

Vivuli vimejaa chembechembe, au kuna mistari

Chembechembe hutokea pale ambapo mwanga mdogo umekusanywa kisha ukalazimishwa kuonekana. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwangaza, lakini hazigawanywi sawasawa: nusu yake, 8,192, hutumika katika stopu moja angavu kuliko zote, inayofuata hupata 4,096, na kuendelea hivyo hadi vivuli vya chini kabisa vinapobakiwa na ngazi chache sana. JPEG, faili ya kawaida ya picha iliyobanwa, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ndiyo maana picha iliyopigwa ikiwa nyeusi kisha ikainuliwa huchakaa, wakati picha iliyopigwa na mwanga wa kutosha kisha ikashushwa hubaki safi. Giza la picha yako litengenezwe kwa kushusha.

Tumia tripodi, ISO 100 au 200, tundu la f/5.6 hadi f/8, na uiache shata ikae wazi kwa muda wowote unaohitajika, hata sekunde kadhaa, kwani samani hazitembei. Washa kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Mfumo wa kutuliza mtikisiko mara nyingi ni bora uzimwe kamera inapokuwa juu ya tripodi.

Mistari ya kulala inayokatiza picha ina sababu nyingine. Taa nyingi humeta mara mbili ya masafa ya umeme, yaani mara 100 kwa sekunde katika umeme wa hezi 50 na mara 120 katika wa hezi 60, na shata ya kielektroniki husoma picha mstari kwa mstari, hivyo mistari mingine hukutana na taa ikiwa imefifia. Tumia shata ya kimakanika, au kasi ya 1/50 kwa hezi 50 na 1/60 kwa hezi 60.

Ukiona ukuta laini umegawanyika kuwa tabaka za rangi kama ngazi, hizo ni ngazi za rangi zilizokosekana. Hariri kutoka faili ghafi katika biti 16, hifadhi nakala ya mwisho kwa ubora wa juu, na ongeza punje kidogo za filamu, ambazo huvunja mipaka kati ya tabaka hizo.

Kuta zinaanguka, au jicho halijui pa kutua

Kuta zinazoegemeana juu husababishwa na kamera iliyoinuliwa, na zinazoegemeana chini husababishwa na kamera iliyoinamishwa. Iweke sawa kwa kutumia kipimo cha usawa kilichomo ndani yake, na badala ya kuiinamisha, ishushe nzima: urefu wa sentimita 100 hadi 130 kutoka sakafuni hufaa vyumba vingi. Programu inaweza kunyoosha wima baadaye, lakini hukata kingo, kwa hiyo acha nafasi pembeni. Lenzi pana kuliko milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35) huvuta vitu vya pembeni na kukifanya chumba kionekane kama ukumbi; kwa picha za hisia ninapendelea 35 hadi 50, ambazo hulazimisha kuchagua.

Na kuchagua ndiko kunakokosekana pale jicho linapotangatanga. Mtazamaji huenda kwanza kwenye sehemu angavu zaidi, na katika picha yenye kiza mvuto huo huongezeka maradufu. Ipunguze picha hadi iwe ndogo kama stempu, kisha uone doa gani linabaki. Kama linalobaki ni kona ya karatasi, swichi ya ukutani au mng'ao wa mpini wa kabati, hapo ndipo picha yako inapoelekea, hata kama ulikusudia kitu kingine. Kiondoe kitu hicho chumbani, au ukitie giza.

Mchoraji wa Denmark Vilhelm Hammershøi (1864–1916) alichora mara nyingi vyumba vya makazi yake katika Strandgade namba 30, Copenhagen, alikoishi kuanzia 1898 hadi 1909, na kazi zake ni darasa zuri kwa mpiga picha. Samani ni chache, rangi hazitoki mbali na kijivu na hudhurungi, na mtu akiwemo mara nyingi amegeuza mgongo. Huoni uso unaokueleza namna ya kujisikia. Unabaki na nuru iliyotua ukutani. Nikiwa na chumba kilichojaa vitu, huanza kwa kuondoa nusu yake.

Uhariri unaonekana

Dalili zake ni mng'ao mweupe kuzunguka samani, pembe za picha zilizopakwa weusi wa mviringo, na vivuli vyenye rangi ya samawati isiyokuwapo chumbani. Mng'ao hutokana na kitelezi cha uwazi (Clarity, kinachokoleza kingo za vitu) kilichovutwa kwenye picha nzima. Kirudishe hadi sifuri, kisha kitumie kwa brashi kwenye mbao au kitambaa pekee. Weusi wa pembeni unaolingana pande zote haufanani na chumba chochote, kwani chumba chenye dirisha moja kina upande mmoja angavu. Badala yake tumia mteremko wa giza unaoanzia upande ulio mbali na dirisha.

Weusi ulioinuliwa hadi kuwa kijivu cha ukungu ni suala la ladha, lakini ukizidi huiondolea picha uzito wake. Katika mchoro wa toni (Curves, mstari unaopanga giza na mwanga wa picha), inua nukta ya chini kabisa kidogo tu, na uhakikishe bado kuna kitu kimoja katika picha kilicho cheusi kweli, kama kivuli chini ya meza. Punguza pia ukolezo wa rangi zinazopiga kelele moja moja, hasa njano na chungwa, badala ya kufifisha picha yote kwa pamoja.

Ilikuwa nzuri kwangu, lakini kwa wengine ni nyeusi tii

Skrini yako ina mwanga mwingi mno. Ukihariri ukiwa na skrini kali, unashusha picha hadi ikuridhishe wewe, na yeyote anayeitazama kwa mwanga mdogo zaidi hukuta vivuli vimefungika. Iweke skrini kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, zima marekebisho ya mwanga ya kiotomatiki pamoja na hali ya kuondoa mwanga wa buluu, na ufanye kazi katika chumba chenye mwanga wa wastani usiobadilika. Hifadhi nakala ya mtandaoni katika nafasi ya rangi ya sRGB.

Karatasi ni kali zaidi, kwa kuwa haina mwanga wake yenyewe na karatasi isiyong'aa haifikii weusi wa skrini. Kabla ya kuchapisha ukubwa kamili, chapisha kipande kidogo cha sehemu yenye kivuli kizito katika matoleo matatu: lilivyo, lililoinuliwa theluthi moja ya stopu, na lililoinuliwa theluthi mbili. Vipeleke vipande hivyo kwenye ukuta ambako picha itatundikwa, uvitazame kwa mwanga wa pale, kisha uchague kile ambacho bado unaweza kuona mguu wa kiti ndani ya kivuli.